Kocha wa mbio katika vyuo vya Marekani: Anavyoajiriwa, anacholipwa na maana yake kwa mkimbiaji wa Kenya

KILA mwaka, vijana kutoka Iten, Kapsabet, Eldoret na Nyahururu huabiri ndege kuelekea Marekani wakiwa na barua za ufadhili wa masomo walizozipata kutokana na wepesi wa miguu yao. Wazazi huuliza mengi kabla ya safari hiyo: chuo kiko wapi, mtoto atasomea nini, baridi ya huko ni kali kiasi gani. Ni wachache mno wanaouliza swali jingine lenye uzito uo huo: kocha aliyemwalika mtoto wao ana mkataba wa muda gani, na mshahara wake unatoka wapi?

Swali hilo si la kupekua mifuko ya watu. Kocha ndiye anayeamua ni nani atapewa ufadhili na kwa kiasi gani. Ndiye anayepanga mazoezi, anayeamua nani atasafiri na timu na, mara nyingi, ndiye mtu mzima wa pekee ambaye mwanafunzi mgeni anamfahamu katika mji mzima. Akifutwa kazi, au akivutiwa na mshahara mnono kwingineko, maisha ya mwanafunzi huyo hubadilika mara moja.

Uhusiano wa Kenya na vyuo hivyo una umri wa zaidi ya nusu karne. Katika miaka ya 1970, kocha John Chaplin wa Chuo Kikuu cha Washington State aliwasajili Wakenya kadhaa, miongoni mwao Samson Kimobwa, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 10,000 mnamo 1977, na Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia kwa muda wa siku 81 mnamo 1978. Katika Chuo Kikuu cha Texas tawi la El Paso, kijulikanacho kama UTEP, kocha Ted Banks alijenga kikosi kilichokuwa na Michael Musyoki wa Kenya na Suleiman Nyambui wa Tanzania.

Mkondo huo haujakauka. Sally Kipyego alitwaa ubingwa wa mbio za nyika mara tatu akiwa Texas Tech, 2006 hadi 2008. Edward Cheserek alijizolea mataji 17 ya vyuo akiwa Oregon. Sharon Lokedi, aliyeshinda New York Marathon mnamo 2022 na Boston Marathon mnamo 2025, alipitia Chuo Kikuu cha Kansas, naye Doris Lemngole wa Alabama akatwaa taji la mbio za nyika mnamo 2024. Nyuma ya kila jina hapo kuna kocha aliyelipwa mshahara na chuo ili amtafute na kumnoa.

Misimu mitatu, kocha mmoja

Ili kuuelewa mshahara wa kocha huyo, ni sharti kwanza kuielewa kazi yake. Michezo ya vyuo vikubwa vya Marekani husimamiwa na chama cha kitaifa kiitwacho NCAA, ambacho kimegawa wanachama wake katika madaraja matatu. Daraja la Kwanza ndilo lenye vyuo vikubwa na bajeti nono. Daraja la Pili hutoa ufadhili wa kiasi. Daraja la Tatu halitoi kabisa ufadhili wa masomo kwa msingi wa michezo.

Kocha wa soka ya Marekani ana msimu mmoja wa mashindano kwa mwaka. Kocha wa mbio za masafa marefu ana misimu mitatu inayofuatana bila nafasi ya kupumua. Mbio za nyika huanza Septemba na kufikia kilele mwezi Novemba. Riadha ya ndani ya ukumbi hufuata hadi Machi. Kisha huja riadha ya uwanjani, ambayo fainali zake hufanyika Juni. Mwanariadha anaweza kupumzishwa msimu mmoja, lakini kocha hana msimu wa kupumzika. Miezi ya kiangazi, ambayo wengi wangedhani ni likizo, ndiyo ya kusaka vipaji na kuandaa kambi.

Kwa sababu hiyo, cheo cha kocha huyu huwa na sura mbili. Msimu wa nyika, yeye huitwa kocha mkuu na timu ni yake. Msimu wa uwanjani unapofika, hugeuka kuwa msaidizi chini ya mkurugenzi wa riadha, ambaye pengine alibobea katika mbio fupi, miruko au mitupo. Mkurugenzi huyo ndiye anayegawa fedha za ufadhili na, mara nyingi, ndiye mwenye kauli kuhusu mshahara wa wasaidizi wake. Hivyo basi, anayeitwa kocha mkuu huenda analipwa kama msaidizi.

Idadi ya makocha nayo ilidhibitiwa. Kwa miaka mingi, kanuni za Daraja la Kwanza ziliruhusu makocha watatu wa kulipwa kwa wanaume na watatu kwa wanawake, nyika na uwanjani zikihesabiwa pamoja. Sita hao walitakiwa kugawana mbio fupi, viunzi, miruko, upondo, mitupo, mashindano ya fani mbalimbali na masafa marefu. Kwa kawaida masafa marefu yalipata mmoja au wawili. Ndiyo maana nafasi za kazi hii ni chache na wanaozigombania ni wengi.

Jinsi ajira inavyotolewa

Msimu wa kuajiri hufunguka baada ya fainali za Juni. Kocha mmoja anapoondoka katika chuo kikubwa, nafasi yake hujazwa na kocha wa chuo cha wastani, na pengo la huyo hujazwa na msaidizi wa chuo kidogo. Uhamisho mmoja huweza kuwasogeza watu wanne au watano kabla ya Agosti. Mnamo 2022, kwa mfano, Oregon iliachana na kocha wake na kumwajiri Jerry Schumacher, ambaye awali alikuwa akiongoza kundi la wanariadha wa kulipwa. Mike Smith wa Northern Arizona alifuata njia tofauti: mnamo 2024, baada ya kushinda mataji kadhaa ya kitaifa ya mbio za nyika, alitangaza kwamba angeondoka chuoni ili kuwanoa wanariadha wa kulipwa.

Kwa kawaida chuo hutangaza nafasi katika ukurasa wake wa ajira. Sifa zinazoorodheshwa hufanana karibu kila mahali: shahada ya kwanza, na ikiwezekana ya uzamili, tajriba ya kufunza chuoni, ufahamu wa kanuni za NCAA, na uwezo uliothibitishwa wa kusajili. Anayeteuliwa huchunguzwa rekodi yake ya jinai kabla ya kutia sahihi. Vyeti vya mafunzo ya ukocha humwongezea mwombaji uzito, lakini havimhakikishii kazi.

Katika orodha hiyo, lililo zito zaidi ni usajili. Kocha mwenye ujuzi wa kisayansi lakini asiyeweza kuwashawishi vijana wajiunge na chuo chake hadumu. Mahojiano ya kazi, kwa hivyo, hujikita katika maswali ya aina hii: unawafahamu makocha gani wa shule za sekondari? Una uhusiano gani ng'ambo? Ni wakimbiaji wangapi unaoweza kuwaleta mwaka ujao? Hapa ndipo simu inayolia Iten inapopata chanzo chake. Kocha anayempigia kijana wa Kenya huenda anajitetea asipoteze kazi.

Ngazi ya chini kabisa ni ya wanafunzi wa uzamili wanaosaidia kufunza. Hao husamehewa karo na kupewa posho ndogo ya kujikimu. Baada ya miaka miwili, huanza kubisha milango ya vyuo vidogo. Walio na bahati hupata kazi ya kudumu. Wengine hukubali ajira ya muda, wakichanganya ukocha na kusimamia ghala la vifaa, kufundisha somo la mazoezi ya viungo au kuratibu safari za timu nyingine. Katika Daraja la Tatu, mchanganyiko wa namna hiyo ni jambo la kawaida.

Mshahara: Pengo kati ya kileleni na bondeni

Riadha haiingizi fedha chuoni. Soka ya Marekani na, kwa kiasi fulani, mpira wa vikapu wa wanaume ndizo hulipia michezo mingine kupitia tiketi na haki za televisheni. Kwa hivyo mshahara wa kocha wa mbio hautokani na kile timu yake inachozalisha. Hutokana na ukarimu wa bajeti ya idara, michango ya wafadhili na nia ya mkurugenzi wa michezo.

Tofauti hiyo huonekana wazi ukiwalinganisha makocha wa chuo kimoja. Kirby Smart, kocha wa soka ya Marekani wa Chuo Kikuu cha Georgia, alitia sahihi mnamo 2024 mkataba wa takriban dola milioni 13 kwa mwaka. Wakurugenzi wa riadha wanaolipwa vizuri zaidi nchini humo hupata mamia ya maelfu ya dola, na hao ni wachache wa kuhesabika. Walio chini yao hupungukiwa kwa haraka.

Takwimu za Idara ya Kazi ya Marekani zinatoa picha ya jumla. Mnamo Mei 2023, mshahara wa kati wa makocha na wasaka vipaji wa michezo yote na ngazi zote ulikuwa dola 45,910 kwa mwaka. Kwa kiwango cha Sh129 kwa dola, hizo ni takriban Sh5.9 milioni, au karibu Sh490,000 kwa mwezi. Nusu ya makocha walipata chini ya hapo. Msomaji wa Kenya asidanganywe na wingi wa sufuri: kocha huyo hulipa kodi ya nyumba, bima ya matibabu na pengine mkopo wa masomo yake kwa bei za Marekani.

Juu ya mshahara huwekwa marupurupu. Mikataba ya makocha wakuu hutaja bonasi kwa kutwaa ubingwa wa ligi, kufuzu kwa fainali za kitaifa, kumaliza katika nafasi za juu na, katika vyuo vingi, kwa alama nzuri za wanafunzi darasani. Baadhi hupewa gari au posho ya usafiri. Kambi za kiangazi kwa wanafunzi wa sekondari pia huwa kitega uchumi. Hata hivyo, msaidizi wa chuo kidogo hapati mengi ya haya.

Kuna jambo la kisheria ambalo hueleza kwa nini mishahara hii inaweza kubaki duni licha ya saa nyingi za kazi. Sheria ya Viwango vya Haki vya Kazi ya 1938 inamtaka mwajiri kulipa nyongeza kwa saa zinazozidi 40 kwa juma. Wafanyakazi wa ofisi wanaolipwa mshahara huondolewa katika haki hiyo ikiwa tu wanapata angalau kiwango fulani, ambacho kwa sasa ni dola 684 kwa juma. Lakini walimu huondolewa hata wakilipwa chini ya hapo, na kocha ambaye kazi yake kuu ni kufundisha wanariadha huhesabiwa kuwa mwalimu. Kinyume chake, yule ambaye kazi yake kuu ni kusajili hahesabiwi hivyo. Mstari kati ya wawili hao ni mwembamba, na ndani yake wamo makocha wanaofanya kazi saa 60 kwa juma bila senti ya ziada.

Mahakama zaingilia kati

Historia ya malipo haya imeandikwa kwa kiasi kikubwa mahakamani. Mnamo 1991, NCAA ilipitisha kanuni ya kubana matumizi iliyounda cheo cha kocha mwenye kipato cha kikomo. Kocha wa kundi hilo hakuruhusiwa kulipwa zaidi ya dola 12,000 kwa mwaka wa masomo na dola 4,000 msimu wa kiangazi, yaani dola 16,000 kwa jumla, hata kama chuo chake kilitaka kumlipa zaidi.

Makocha wasaidizi wa mpira wa vikapu walikwenda katika mahakama ya shirikisho jimboni Kansas. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: vyuo ni waajiri wanaoshindana, na waajiri wanaoshindana hawaruhusiwi kuketi pamoja na kukubaliana bei ya mfanyakazi. Mnamo 1995, mahakama iliwaunga mkono. Rufaa ya NCAA ilitupwa mnamo 1998 na, mwaka uliofuata, chama hicho kikakubali kulipa dola milioni 54.5. Uamuzi huo uliwafaidi pia makocha wa michezo mingine waliokuwa wamebanwa na kanuni iyo hiyo.

Hata hivyo, ulipozibwa ufa mmoja, mwingine ulibaki. Kanuni ziliendelea kuruhusu kocha wa kujitolea, ambaye kwa mujibu wa jina lake hakupaswa kulipwa mshahara na chuo. Katika riadha, wengi walikubali nafasi hiyo kwa matumaini kwamba siku moja ingegeuka kuwa ajira. Walihudhuria mazoezi kila alfajiri, walisafiri na timu na kuandika programu za mazoezi, kisha jioni wakaenda kufanya kazi dukani au mkahawani ili walipe kodi ya nyumba.

NCAA ilifuta cheo hicho kuanzia Julai 1, 2023 na kuruhusu vyuo kuwalipa makocha hao. Tayari kesi zilikuwa zimefunguliwa, mojawapo ikiongozwa na makocha wa michezo mbalimbali, riadha ikiwemo. Mnamo 2025, chama hicho kilikubali kutoa fidia ya zaidi ya dola milioni 300 katika kesi hiyo. Ikumbukwe kwamba kanuni mpya inaruhusu malipo, haiyalazimishi. Chuo kisicho na fedha bado kinaweza kutoa posho ndogo au kuiacha nafasi wazi.

Nafasi ya wanawake

Sheria ya 1972 iitwayo Title IX ilipiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali ya shirikisho. Kwa sababu soka ya Marekani humeza nafasi nyingi za wanaume, vyuo vililazimika kusawazisha kwingineko. Ndiyo maana kwa miaka mingi timu ya wanawake ya riadha ya Daraja la Kwanza iliruhusiwa ufadhili kamili 18, ilhali ya wanaume ilikomea 12.6. Ufadhili huo uligawanywa vipande vipande miongoni mwa wanariadha wa fani zote. Kijana wa kiume aliyeambiwa amepata ufadhili huenda alipata robo tu.

Lakini kuongezeka kwa wanariadha wa kike hakukuzaa makocha wengi wa kike. Timu nyingi za wanawake bado zinaongozwa na wanaume. Wanaovunja mwiko huo wameonyesha uwezo: Laurie Henes aliiongoza North Carolina State kutwaa mataji matatu mfululizo ya mbio za nyika za wanawake, 2021 hadi 2023, naye Diljeet Taylor akaifikisha Brigham Young kileleni mnamo 2024. Wanaochambua suala hili hutaja saa nyingi za kazi, safari za kila wikendi na mishahara ya chini ya kuanzia kama vikwazo kwa kina mama wenye watoto wadogo.

Mabadiliko ya 2025

Mnamo Juni 2025, Jaji Claudia Wilken wa California aliidhinisha mapatano kati ya NCAA na wanariadha yaliyobadilisha mfumo mzima. Vyuo viliruhusiwa kuwalipa wanariadha moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa masomo wa 2025-26. Mipaka ya zamani ya ufadhili iliondolewa kwa vyuo vilivyojiunga na mpango huo, na mahali pake kukawekwa mipaka ya idadi ya wanariadha: 17 katika mbio za nyika na 45 katika riadha, kwa kila jinsia.

Juu juu, hizo zilionekana habari njema. Kocha angeweza kuwapa wote 17 ufadhili kamili. Tatizo ni kwamba fedha za kuwalipa wanariadha hutoka katika kapu lile lile linalolipa makocha, na sehemu kubwa yake huelekezwa kwa soka ya Marekani na mpira wa vikapu. Wagombanapo tembo, nyasi huumia. Michezo isiyoingiza fedha ndiyo nyasi hizo.

Mfano ulio karibu na nyoyo za Wakenya ni Washington State, chuo kile kile cha Rono na Kimobwa. Mnamo Juni 2025, kilitangaza kwamba kingeondoa fani za miruko na mitupo, kupunguza mbio fupi na viunzi, na kuelekeza nguvu zake katika masafa marefu. Kwa mkimbiaji wa Kenya, hatua hiyo huenda ikaonekana kama neema. Kwa makocha wa fani zilizoondolewa, ilikuwa ni mwisho wa kazi. Na kwa kocha wa masafa marefu, ilikuwa ni ujumbe kwamba chuo kinatarajia matokeo makubwa kwa gharama ndogo.

Kocha akihama, mwanariadha hubaki na nani?

Hapa ndipo suala la mkataba wa kocha linapomgusa mzazi wa Kenya. Makocha wengi wasaidizi huajiriwa kwa mwaka mmoja mmoja. Masomo ya shahada huchukua miaka minne. Ni wazi, basi, kwamba uwezekano wa mwanafunzi kumaliza chini ya kocha mwingine ni mkubwa.

Hadi 2024, mwanariadha aliyekubali ufadhili alitia sahihi barua ya kitaifa ya kujifunga. Barua hiyo ilimfunga kwa chuo wala si kwa kocha, ambaye yeye angeweza kuondoka kesho yake. Barua hiyo ilifutwa Oktoba 2024. Tangu Aprili mwaka huo huo, mwanafunzi mwenye alama zinazokubalika anaweza kuhamia chuo kingine bila kukaa nje msimu mzima. Uhuru huo una faida, lakini mwanafunzi mgeni huwa na mzigo wa ziada: kila uhamisho humlazimu kurekebisha stakabadhi zake za visa ya masomo, na si masomo yote aliyokwisha kuyafanya hutambuliwa chuo kipya.

Shinikizo la ajira huathiri pia mazoezi yenyewe. Kocha ambaye mkataba wake unategemea matokeo ya Novemba huvutwa kumkimbiza mwanariadha yule yule katika misimu yote mitatu. Mkimbiaji aliye na maumivu ya mguu hujikuta akiombwa avumilie mbio moja zaidi. Kati ya 2021 na 2023, vyuo vya Oregon na Colorado vilikumbwa na mijadala mikali kuhusu jinsi programu zao zilivyopima mafuta mwilini mwa wakimbiaji. Si makocha wote walio hivyo. Wengi hulea vijana hawa kama wanao. Lakini mfumo wa kazi huwatuza wanaoshinda mapema kuliko wanaojenga polepole.

Shinikizo hilo hilo limefungua mlango kwa madalali. Kanuni za NCAA humruhusu mwanariadha kutumia huduma ya kumtambulisha kwa vyuo, mradi ada yake isitegemee kupatikana kwa ufadhili. Dalali anayedai sehemu ya ufadhili, au malipo pindi mtoto anapopata nafasi, anamweka mtoto huyo katika hatari ya kupoteza ustahiki wa kushindana. Atakayeadhibiwa ni mwanafunzi, ilhali dalali amebaki nyumbani na fedha zake.

Wakenya upande wa pili wa saa

Wapo Wakenya waliovuka kutoka kukimbia hadi kufunza. Paul Ereng, bingwa wa Olimpiki wa mita 800 mjini Seoul mnamo 1988, ambaye alisomea Virginia, aliongoza kwa miaka mingi timu ya mbio za nyika ya UTEP. Bernard Lagat, aliyesomea Washington State na kuwa bingwa wa dunia wa mita 1,500 na 5,000 akiiwakilisha Marekani mnamo 2007, baadaye alifunza timu ya nyika ya Chuo Kikuu cha Arizona.

Njia hiyo si rahisi. Mhitimu mwenye visa ya mwanafunzi huruhusiwa kufanya kazi kwa mwaka mmoja katika nyanja inayohusiana na masomo yake. Baada ya hapo, huhitaji mwajiri wa kumwombea visa ya kazi. Vyuo vikuu vina nafuu, kwa kuwa havifungwi na kikomo cha idadi ya visa za H-1B kinachowabana waajiri wengine. Hata hivyo, agizo la Rais Donald Trump la Septemba 2025 liliweka ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya visa hiyo yanayowahusu walio nje ya Marekani. Hakuna chuo kitakacholipa ada inayozidi mara mbili mshahara wa kawaida wa kocha ili kumpata msaidizi kutoka Kenya.

Tofauti na nyumbani pia inafaa kuzingatiwa. Kocha wengi wa Kenya hawana mwajiri. Hutegemea asilimia ya zawadi za wanariadha wao au malipo kutoka kwa mawakala. Kocha wa chuo cha Marekani hana haki ya kudai sehemu ya zawadi za mwanafunzi wake. Mmoja hufa njaa mwanariadha wake asiposhinda mbio za barabarani. Mwingine hupoteza kazi timu yake isipofuzu. Wote wawili wana sababu ya kumharakisha kijana.

Maswali ya kuuliza

Kwa mzazi au mwalimu ambaye kijana wake amepigiwa simu kutoka Marekani, yapo maswali yasiyomgharimu chochote. Kocha huyu amekaa chuoni kwa muda gani, na mkataba wake unamalizika lini? Vyuo vya umma huwajibika kutoa mikataba ya makocha wao kwa anayeiomba, na mingi huchapishwa. Ni nani anayetia sahihi ufadhili, na je, ni wa miaka minne au huangaliwa upya kila mwaka? Unagharamia karo pekee, au chakula, malazi, vitabu na bima pia? Ni wanariadha wangapi wa kigeni waliojiunga na timu miaka minne iliyopita waliohitimu?

Swali la mwisho ndilo muhimu kuliko yote: kijana akiumia na asikimbie tena, je, chuo kitaendelea kumsomesha? Jibu linapasa kuwa katika maandishi yenye sahihi ya ofisi ya chuo. Neno la kocha kwenye simu halitoshi, hata akiwa mtu mwaminifu kiasi gani, kwa kuwa yeye mwenyewe huenda asiwepo msimu ujao.